Jani la Mstari wa Saba

Saa kumi na moja alfajiri, Januari, nje kidogo ya Wakefield.
Baridi imeng'ata kitasa, kitasa kinang'ata vidole.
Tunaingia wanne, kila mtu na mshumaa wake,
na mlango unafungwa upesi nyuma yetu
kama wa chumba cha mzazi.

Humu joto. Humu giza la kukatwa kwa kisu.
Na ukinyamaza utayasikia yakikua:
pwa… kimya… pwa,
ganda la chipukizi likipasuka,
kama mtu anayealisha vidole
kabla hajaanza kazi.

Wenyewe huyaita rubabi. Si tunda, si mboga,
mabua mekundu, makali kuliko ukwaju;
huku huyazika kwenye sukari ndipo wakayala.
Mwenye banda ni Bwana Hebblethwaite.
Jina lake nimelikata katikati, namwita Bwana Hebu,
naye huitika.

Binti yangu Tunu ana mtihani wa sayansi.
Juzi, mkate mkononi, aliniuliza:
Mama, mmea usiopata jua unakula nini?
Kitabu chake kina mshale wa manjano kutoka juani,
mshale wa buluu unaopanda kutoka mizizini,
na wa kijivu, hewa ukaa,
ile tuliyokwisha kuipumua tukaitupa.
Yote yanaingia jikoni mwa jani,
umbijani unapika bila moshi,
inatoka sukari.
Na oksijeni? Oksijeni ni makombo ya upishi.
Makombo ya jani ndiyo pumzi yetu.
Umri wote huu, nilikuwa sijui.

Nikamwambia: haya yangu hayapiki.
Yalipika zamani.
Miaka miwili yalikaa shambani, hayakukatwa hata bua moja,
majani mapana kama sinia yakilikinga jua la Yorkshire,
jua la kupimiwa kwa kijiko,
yakaishusha sukari chini, tone kwa tone,
mpaka mizizi ikanenepa.
Novemba sakitu ikayaua majani.
Trekta ikang'oa mizizi, tukaipanga humu,
ikahisi joto, ikadhani baridi imekwisha.
Sasa inakula kiangazi cha mwaka juzi.
Bua linarefuka hivyo kwa kulitafuta jua;
jani lake ni dogo, la manjano,
limekunjika kama ngumi ya kichanga.
Litakuwaje kijani, na jiko halina kuni?

Tunu akaandika: Unakula akiba.
Mwalimu akampa alama mbili kati ya tatu.
Ya tatu sijui ilikuwa ya nini.

Labda ya hili: akiba haiozi, nakubali,
bali mwenye akiba huoza.
Machi tutaitoa mizizi, mitupu, myepesi kama sifongo,
tuirundike kwenye mbolea.
Hakuna anayeipanda tena.
Nimeibeba kwa mikono yangu misimu minne;
najua uzito inaoingia nao,
najua inavyotoka.

Jumanne, saa sita mchana, mstari wa saba, ukutani,
nikaona jani la kijani.
Kijani hasa. Kijani cha kisamvu.
Msumari ulikuwa umechomoka kwenye bati,
ukaacha tundu dogo kuliko punje ya mtama,
na uzi mmoja wa mwanga umening'inia hapo,
vumbi likipanda na kushuka ndani yake.
Jani lilikuwa limewapa wenzake kisogo,
limekunjua ngumi,
limefungua jiko.
Banda zima linakula akiba,
lenyewe linapika.

Nta ikanidondokea mkononi, sikuifuta.
Bwana Hebu akauliza kutoka mstari wa pili
kama kuna tatizo.
Nuru ikiingia mabua hukomaa, bei huanguka:
alinifundisha siku ya kwanza, mara mbili.
Nikamjibu hakuna.

Tundu nililiziba, isije ikasemwa nala mshahara wa bure.
Nililiziba kwa nta, nikalikandamiza kwa dole gumba.
Ilikuwa Alhamisi.